Greda: Sehemu Zake, Kazi Yake na Wajibu wa Mkazi

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wengi wa Makueni hutegemea kwa mahindi, kunde na ndengu. Mvua hizo hizo ndizo huharibu barabara za maramu. Katika eneo la milima kama Tawa, kaunti ndogo ya Mbooni, mvua ya usiku mmoja yaweza kuchimba mtaro katikati ya njia. Kukicha, gari la kubeba maembe limekwama na mgonjwa anasafirishwa kwa shida. Wakazi huuliza: greda ilipita juzi tu, mbona barabara imeharibika tena? Jibu huanzia kwenye mashine yenyewe.

Kisu

Hiki ni chuma kirefu kilichopinda kidogo, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa greda nyingi kina urefu wa mita 3.7 hadi 4.3. Ukingo wake wa chini hufungwa kwa bolti ili ubadilishwe unapolika. Ukingo uliolika katikati huacha barabara ikiwa na mawimbi.

Duara

Kisu kimening'inizwa kwenye gurudumu kubwa la meno lililolala, liitwalo duara. Duara likizunguka, kisu huelekezwa kushoto au kulia, na udongo husukumwa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hapo ndipo mgongo wa barabara hupatikana.

Meno ya kuchimbua

Barabara iliyokauka ni ngumu kama saruji. Meno haya ya chuma huipasua kwanza. Kujaza mashimo bila kupasua ni kuweka kiraka: udongo mpya haushikani na wa zamani, na gari chache tu huung'oa.

Magurudumu

Greda huwa na magurudumu sita: mawili mbele na manne nyuma. Ya mbele yanaweza kuinamishwa upande ili mashine isisukumwe pembeni na uzito wa udongo. Greda nyingi pia hujipinda kiunoni, jambo linalosaidia katika kona kali za milimani.

Maji na rola

Greda haimalizi kazi peke yake. Maramu iliyokauka hugeuka vumbi, na iliyolowa sana hugeuka tope. Lori la maji huinyunyizia kiasi, kisha rola huishindilia. Udongo ukiachwa bila kushindiliwa, mvua ya kwanza huuzoa wote.

Adui ni maji

Lengo la kazi hii yote ni kuyaondoa maji barabarani upesi. Barabara nzuri ya maramu huinuka katikati na kuteremka pande zote mbili, kwa kama sentimita 4 hadi 6 katika kila mita moja ya upana. Maji yakifika ukingoni hupokewa na mfereji, kisha hutolewa kwa michepuko au kupitia kalvati.

Mfereji ukizibwa, maji hurudi barabarani. Mara nyingi huzibwa kwa taka, kwa udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni, au kwa mawe ya kuvushia pikipiki mahali pasipo na kalvati. Hapo hakuna greda itakayosaidia.

Mkazi anaweza kufanya nini?

• Asilime wala kujenga katika hifadhi ya barabara.
• Azoe taka na udongo katika mfereji ulio mbele ya boma au duka lake kabla ya mvua.
• Aweke kalvati, si mawe, anapotengeneza njia ya kuingia kwake.
• Akitaka kuyavuna maji ya barabarani kwa shamba au bwawa lake, ashauriane na maafisa kwanza ili yasigeuzwe kumwangukia jirani.
• Aripoti kalvati iliyoziba au kuvunjika kwa msimamizi wa wadi mapema.

Greda hupita siku moja. Mfereji hufanya kazi msimu mzima.