Kwato za Punda ni Amana

Busia na Malaba zimeipa lugha yetu neno bodaboda. Lilizaliwa na baiskeli zilizovusha abiria kutoka Kenya hadi Uganda, tangu miaka ya 1960. Mwenye baiskeli, gurudumu likipungua upepo, hushuka akalijaza. Je, mwenye punda wa mkokoteni, mara ngapi huinama akatazama kwato?

Ukwato ni kama ukucha, hauachi kukua. Usipopunguzwa hurefuka mbele ukapinda, mnyama akaegemea kisigino, mishipa ikavutika. Na mvua za huko zikileta tope, ukwato hulainika ukaoza kwa chini.

Dawa yake si ghali. Kila siku nyanyua miguu yote minne, utoe uchafu na vijiwe kwa kijiti butu, kuanzia kisiginoni kwendea nchani. Mlaze pakavu. Kila wiki sita hadi kumi kwato zichongwe kwa tupa, kidogo kidogo; mwenye pupa atamwaga damu. Kwanza fundishwa na bwana mifugo, na kwato zilizokwisha pinda mwachie yeye.

Kwetu Lamu, zahanati ya punda ilifunguliwa mwaka 1987. Katika Suratul-Adiyat, Mola ameapa kwa farasi waendao mbio, kwato zao zikitoa cheche. Naye Mtume (S.A.W.) ametuusia tumche Mungu kwa wanyama hawa wasiosema.

Punda hana ulimi wa kushitaki hapa duniani. Tusimngojeshe hadi Kiyama.