Mashine, kamba ao majani: nguo za nyumbani tuzianike wapi?



Mwaka jana nilirudi Baraka likizo. Yaya yangu akaniita nyuma ya nyumba, akamfunua mtoto wake mgongo. Vipele saba, kila kimoja kama jipu, na katikati kitundu kidogo. Mtoto hakuwa analala. Jirani mmoja alisema ni damu mbaya, mwingine alisema amerogwa. Yaya akaniuliza: "Wewe agronomu, munasomaka wadudu. Hii ni nini?" Nikaangalia uwanja. Vitambaa vya mtoto vilikuwa vimetandazwa kwenye majani, chini ya mwembe, kivulini. Jibu lilikuwa pale pale.

Kuna nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia, jina lake la kisayansi ni Cordylobia anthropophaga. Funza wake Wafaransa wanamwita ver de Cayor, kwa jina la eneo la Cayor kule Senegali. Jike anapenda kivuli. Anataga mayai 100 mpaka 300 kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, ao kwenye nguo mbichi. Baada ya siku 1 mpaka 3 mayai yanapasuka. Ukivaa ile nguo, funza anaingia kwenye ngozi bila wewe kusikia kitu. Anakula humo siku 8 mpaka 12, kisha anatoka, anaanguka kwenye udongo na kugeuka nzi. Njo maana kuchagua pa kuanika haiko mambo ya urembo tu.

Tuanze na mashine, sababu ndugu walio Ulaya na Marekani wanaulizaka kama watutumie. Ziko aina tatu: ile inayotoa hewa ya moto nje kwa bomba, ile inayokusanya maji ndani ya chombo, na ile inayorudisha joto lake yenyewe. Mbili za kwanza zinakula kama wati 2000 mpaka 3000. Ya tatu inakula kidogo, lakini ni ya bei kali. Pano moja ya wati 100 inatoa wati 100 saa jua ni kali tu. Piga hesabu: mashine ya wati 2500 inaomba pano 25, kwa kukausha nguo ambazo jua linakausha bure. Mwambie ndugu atume kitu kingine.

Nguo inakauka kwa vitu vitatu, sawa na ndagala na muhogo: joto, hewa kavu na upepo. Chini kwenye majani upepo ni kidogo, unyevu wa udongo unapanda, na nzi iko karibu. Kwa hiyo majani na mchanga tuviache kabisa, hata wakati wa kiangazi. Juu ya manjanja nguo inakauka mbio, lakini bati lenye kutu linaacha madoa yasiyotoka. Uzio wa miti unapasua nguo, na mara nyingi uko kivulini.

Inabaki kamba. Kamba ya nailoni haishiki kutu kama waya. Ifunge juu ya kichwa cha mtu, mahali penye jua, mbali na mti. Kwetu Baraka, mchana upepo unatoka ziwani, upande wa mashariki. Ukivuta kamba sambamba na ufuko, kaskazini kwenda kusini, upepo unapiga nguo usoni, na inakauka upesi. Kule Fizi juu milimani kuna baridi na ukungu, basi anika mapema na usibananishe nguo. Geuza ndani nje ili mishono ipate jua.

Wakati wa mvua, vuta kamba chini ya baraza ao ndani, karibu na dirisha lililo wazi. Usianike juu ya moto wa jikoni: moshi unaingia kwenye nguo, na kitambaa kikianguka nyumba inaungua.

Hata kamba haimalizi yote. Pasi ya makala njo inaua mayai. Pitisha pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono, mikanda na kola, kwa sababu hapo unyevu unakaa. Pigia pasi nje ao dirisha likiwa wazi, hewa ya makala inaua mtu. Kama makala ni kidogo, anza na nguo za mtoto, nguo za ndani na mashuka. Usiseme "hii ilikaa siku tatu, haina neno": funza anaweza kungoja karibu wiki mbili bila kupata mtu.

Na mtoto aliyekwisha kuingiliwa? Usikamue. Funza akipasukia ndani, kidonda kinavimba. Paka vazelini nyingi kwenye kitundu. Akikosa hewa anasogea juu, unamtoa polepole, unaosha kwa maji na sabuni. Kama vipele ni vingi ao mtoto ana homa, peleka kwa muuguzi.

Kwa yaya tulitoa funza saba. Jioni ile tukavuta kamba kati ya nguzo mbili, mbali na mwembe. Mtoto alilala. Yule jirani wa damu mbaya alikuja kuangalia, hakusema kitu, na kesho yake na yeye alikuwa sokoni anatafuta kamba.