Ada ya chuo cha uuguzi: hesabu na yale yasiyoandikwa kwenye tangazo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka Januari, nyumba nyingi za Iramba, Ikungi na Manyoni huanza hesabu ileile. Binti amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia, na anataka uuguzi. Baba anatazama shamba la alizeti ambalo ndiyo kwanza linachipua. Mama anahesabu kuku. Kwenye simu kuna matangazo mawili ya vyuo: ada ya kimoja inatisha, ya kingine inavutia.

Kosa la kwanza hufanyika hapo, la kulinganisha namba mbili kabla ya kujua kama vyuo vyote viwili ni vyuo. Mafunzo haya husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Chuo cha afya kilichosajiliwa kina namba inayoanza na REG/HAS. Mwongozo wa udahili wa baraza hilo unapatikana kwenye tovuti yake bila malipo, na unaonyesha jina la chuo, mmiliki wake, kozi, sifa za kujiunga, nafasi zilizopo na ada. Kwa uuguzi na ukunga, sifa ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Anayemwambia mzazi kwamba hata bila Kemia "tutaona cha kufanya" anauza kitu kingine.

Pia kuna kozi fupi zinazotangazwa kwa majina yanayofanana na unesi. Mhudumu wa afya ana kazi yake ya heshima wodini, lakini hasajiliwi kama muuguzi. Mzazi aulize mapema: mwanangu akimaliza hapa, Baraza la Uuguzi na Ukunga litampa mtihani wa usajili na leseni? Matangazo ya ajira serikalini hutaja mafunzo kutoka chuo kinachotambuliwa na usajili wa baraza hilo. Hayaulizi kama ada ilikuwa kubwa au ndogo. Aliyelipa kidogo kwa chuo kisichotambuliwa atalazimika kuanza upya, na mbuzi walishauzwa.

Vyuo vyote vikiwa halali, sasa hesabu ianze. Chukua mfano wa kubuni, kisha weka namba zako. Chuo cha kwanza kinatoza ada ya shilingi 1,100,000 kwa mwaka, hakina bweni. Chumba cha kupanga ni 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 10 ni 400,000. Chakula cha 4,000 kwa siku, kwa siku 300, ni 1,200,000. Jumla 2,700,000. Chuo cha pili ada yake ni 1,700,000, malazi yakiwa ndani. Ukiongeza chakula kilekile unapata 2,900,000. Tofauti ya 600,000 iliyoonekana kwenye tangazo imebaki 200,000, na bado hujaweka nauli ya kila siku kwenda hospitali ya mazoezi, sare, bima ya afya, michango ya mitihani, wala usalama wa binti anayerudi chumbani saa mbili usiku baada ya zamu. Zidisha kwa miaka mitatu ya stashahada. Wengi huhesabu mwaka wa kwanza tu, kisha mwaka wa pili unawakuta wakitafuta mnunuzi wa ng'ombe kwa haraka, na mnunuzi anajua kwamba wana haraka.

Jambo ambalo familia za Singida hulisahau zaidi ni kalenda. Vyuo vingi hufungua kati ya Septemba na Novemba, na awamu ya pili ya ada huangukia muhula wa pili, wakati mvua zinaelekea kuisha na ghala ni tupu. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi. Chuo cha ada kubwa kidogo kinachokubali awamu nne kinaweza kubebeka kuliko cha bei nafuu kinachodai nusu nzima mwezi Machi. Mwanafunzi aliyezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya deni hana la kufanya na unafuu wa ada.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa kozi zilizotajwa kwenye mwongozo wake tu, na si kila kozi ya afya ilikuwamo. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuuweka mkopo kwenye bajeti.

Na ubora? Majengo ya vigae yasimbabaishe mtu. Uuguzi hufundishwa wodini: kupima presha, kuchoma sindano, kuzalisha mama saa nane usiku. Chuo kilicho jirani na hospitali yenye wagonjwa wengi kina hazina ambayo rangi ya ukuta haiwezi kuinunua. Kwa familia za Mkalama, mfano uko ng'ambo tu ya mpaka wa Manyara, Haydom, ambako chuo cha afya kiko pamoja na hospitali ya Kilutheri. Kwingineko, uliza mazoezi yanafanyika hospitali gani, wanafunzi wangapi huingia wodi moja kwa zamu, na wangapi kati ya waliomaliza mwaka jana walifaulu mtihani wa leseni. Chuo kizuri kina majibu hayo tayari.

Asiyeweza kusafiri apige simu, akiwa ameshika kalamu. Binti naye akae karibu asikilize, maana ndiye atakayesoma. Swali la mwisho lielekezwe kwa mhasibu: "Samahani, sisi ni wakulima wa alizeti. Mnaweza kutupangia awamu kubwa ilipwe Julai?" Wakikubali, waombe waiandike kwenye karatasi yenye mhuri.