Hesabu za biashara 'mawinguni': Kagua ghala kabla ya kukabidhi mzigo

DODOMA

Wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, watengenezaji wa mvinyo wa Dodoma na wenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti mkoani Singida, ambao wameanza kuachana na daftari la kaunta na kuweka hesabu katika kompyuta, sasa wanakabiliwa na uamuzi mwingine. Wauzaji wa huduma inayoitwa "wingu" wanawafuata madukani, kila mmoja akidai kuwa yake ndiyo nafuu na salama kuliko za wenzake.

Pamoja na jina hilo, hakuna kitu kilichowekwa angani. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, zilizopangwa katika jengo lenye umeme wa akiba, viyoyozi na walinzi, ambazo mteja huzikodi kwa njia ya intaneti. Amazon ya Marekani ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2006, na baadaye Microsoft na Google zikaingia sokoni. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020 na Google Johannesburg mwaka 2024. Hapa nchini kipo Kituo cha Taifa cha Data cha Kijitonyama, Dar es Salaam, pamoja na vituo vya kampuni binafsi.

Mfano wa ghala

Kwa mfanyabiashara wa mazao jambo hili si geni. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, mwenye ghala huwajibika kwa paa, ukuta na ulinzi wa mzigo. Mwenye mzigo huwajibika kujua amepeleka magunia mangapi na kuitunza stakabadhi yake.

Mikataba ya wingu hugawa wajibu kwa namna hiyo hiyo. Kampuni hulinda jengo na mitambo. Mteja hulinda nywila zake, huamua nani aone nini, na huhakikisha ana nakala ya pili. Wateja wengi hudhani kwamba wakishalipa, kila kitu ni juu ya kampuni. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia.

Bei isiyoonekana

Huduma zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni programu zilizo tayari, kama barua pepe, majedwali ya hesabu na vitabu vya stoo, ambazo hulipiwa kwa idadi ya watumiaji kila mwezi. Ya pili ni kukodi kompyuta au nafasi tupu, ambayo hulipiwa kwa kadiri inavyotumika. Duka au kinu kidogo kwa kawaida hutoshelezwa na aina ya kwanza. Ya pili huhitaji fundi wa kuisimamia, na mshahara wake ni sehemu ya bei hata kama haumo katika ankara.

Ankara nyingi za kampuni za nje huwa kwa dola. Tuseme huduma ni dola 6 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi na ofisi ina watu watano: kwa mwaka ni dola 360. Dola ikiwa Sh. 2,400, gharama ni Sh. 864,000. Ikipanda hadi Sh. 2,700, inakuwa Sh. 972,000, yaani nyongeza ya Sh. 108,000 bila huduma kubadilika hata kidogo, na hapo kodi na gharama ya intaneti bado hazijaongezwa. Mtoa huduma wa ndani anayetoza kwa shilingi anaweza kuonekana ghali mwanzoni lakini akawa nafuu mwisho wa mwaka.

Ipo pia gharama ya kuondoka. Baadhi ya kampuni zinazokodisha kompyuta hupokea data bure lakini hutoza mteja anapoitoa kwa wingi. Ni sawa na ghala ambalo kuingiza mzigo ni bure ila kuupakia kwenye lori hulipiwa kwa kilo.

Usalama unavyofanya kazi

Usalama unaouzwa kupitia wingu ni pamoja na kuchuja barua pepe za kitapeli, kusimamia kinga ya virusi katika kompyuta zote za ofisi kutoka sehemu moja, na kuhitaji uthibitisho wa pili baada ya nywila. Kwa biashara ndogo, huo wa mwisho ndio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa nywila ikiibwa peke yake haifungui mlango. Ni vyema uthibitisho huo utoke katika programu maalumu ya simu kuliko kwa ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli akifanikiwa kuhamishia namba ya mteja katika laini yake, ujumbe humfikia yeye.

Mifano ya hasara ipo. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikitunza kazi za waandika programu katika mitambo ya Amazon, iliingiliwa na mhalifu aliyepata funguo za akaunti yake. Alifuta data pamoja na nakala nyingi za akiba, kwa kuwa zilikuwa chini ya akaunti hiyo hiyo, na kampuni ikafunga biashara. Machi 10, 2021, jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali hapo hapo walipoteza vyote viwili.

Hata mlinzi mwenyewe anaweza kukosea. Julai 19, 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, likakwamisha mashirika ya ndege, mabenki na hospitali.

Njia ikikatika

Kwa Dodoma na nyanda za kati, hatari nyingine ni umbali. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Kuanzia Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatika nchini kwa siku kama tano. Mwenye stoo Kibaigwa ambaye orodha ya wadaiwa wake ilikuwa katika wingu tu, katika siku kama hizo hawezi kujua nani anadaiwa nini, wakati malori yanasubiri kupakia.

Kwa hiyo programu inayoendelea kufanya kazi bila intaneti, kisha ikapeleka kumbukumbu mtandao ukirudi, inafaa kuliko yenye sifa nyingi lakini inayosimama mara tu njia inapokatika.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia biashara zinazotunza majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wateja, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Maswali kabla ya kulipa

Kabla ya kusaini, mfanyabiashara anapaswa kupata majibu ya maandishi: data itakaa nchi gani, nani ana funguo za akaunti, mwenye biashara au fundi aliyeiweka, nakala ya pili iko wapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini kurudishwa, kazi itaendeleaje siku intaneti haipo, na kuondoka kutagharimu kiasi gani.

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingiza fedha katika kampuni ya mwenzake naye aulize hayo hayo, kwani kampuni iliyopoteza vitabu vyake haiwezi kudai madeni wala kugawa faida.

Nakala ya wiki katika diski ya nje, iliyofungiwa kabatini mbali na ofisi, bado ni bima rahisi kuliko zote.