Je, Wajua? Feni Mbovu Inaweza Kukufikisha Igawa

Gari lenye feni mbovu ya rejeta linaweza kutoka Makambako hadi Igawa bila mshale wa joto kupanda. Upepo wa mwendo ndio unaopooza rejeta. Balaa huanza gari likisimama huku injini ikinguruma: upepo umekata, feni haiamki, mshale unapanda. Dalili hiyo ni ushahidi tosha wa kuanzia. Gari linalochemka hata likiwa mbioni lina ugonjwa mwingine: maji pungufu, thamostati iliyoganda au rejeta iliyoziba.

Wengi husema, "Haizunguki, basi mota imeungua." Si lazima. Washa kiyoyozi, kwenye magari mengi feni huanza kuzunguka. Ikizunguka, mota ni nzima na mshukiwa wa kwanza ni sensa ya joto. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei. Kisha chomoa plagi ya mota, uipe mota volti 12 kutoka kwenye betri. Ikigoma hapo, ndipo imekufa. Wapo wanaoona heri kuiunga moja kwa moja izunguke muda wote. Gari litatembea, ila kosa limefichwa tu.

Unapokagua haya, jihadhari pia na maji ya moto. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kwenye rejeta, mfuniko huyabana yasichemke mapema. Usiufungue injini ikiwa ya moto. Na vidole viwe mbali: feni nyingi huweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.