Daktari wa Shahada Mbili

Ukisimama kwenye roshani ya ghorofa za Nyayo Highrise jijini Nairobi, unaona mabati ya Kibera yalivyobanana. Nyuma yako, kando ya Mbagathi Way, ipo Hospitali ya Mbagathi, kisha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia madaktari wake. Daktari mchanga anayepanga hapa hajiulizi kama atasoma tena. Anajiuliza asome nini.

Kwanza tuhesabu vizuri shahada alizo nazo tayari. Herufi MBChB zilizo kwenye cheti chake ni kifupi cha Kilatini cha shahada mbili, ya tiba na ya upasuaji. Zamani Uingereza tabibu na mpasuaji walikuwa watu wawili tofauti. Wapasuaji wa London walikuwa chama kimoja na vinyozi hadi 1745. Kwa hiyo kila anayehitimu udaktari Nairobi baada ya miaka sita ana shahada mbili kwa jina, ingawa kazi ni moja. Marekani nako, mtu huingia chuo cha udaktari akiwa kwa kawaida ameshapata shahada nyingine. Wao wakisema shahada pacha, humaanisha udaktari uliounganishwa na uzamifu, biashara au sheria. Tangu 1964 serikali yao hufadhili mpango wa udaktari na uzamifu kwa pamoja, ili wapatikane madaktari watafiti.

Kwetu shahada huja kwa zamu: miaka sita darasani na wodini, mwaka mmoja wa uanagenzi, kisha kazi, kisha kurudi chuoni. Njia iliyozoeleka ni uzamili wa tiba, unaomfanya mtu kuwa daktari bingwa wa watoto, wa uzazi au wa upasuaji. Huyo anabaki kando ya kitanda cha mgonjwa, ila anaona kwa kina zaidi.

Njia nyingine humtoa kando ya kitanda. Tuseme mtoto wa Gatwekera, mtaa mmoja wa Kibera, analetwa zahanati na homa ya matumbo. Anapewa dawa, anapona. Baada ya miezi michache amerudi, safari hii na dadake. Shahada ya kwanza inajua dawa. Haimfundishi sana daktari kufuatilia bomba la plastiki lililopita ndani ya mtaro wa maji taka, likapasuka, likaishia kwenye dumu la mama yao. Hilo ni swali la afya ya umma. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, waliofuatilia maradhi nyumba kwa nyumba huko Kibera walikuta homa hiyo imekithiri kuliko rekodi za hospitali zingeweza kuonyesha, kwani wengi hawafiki hospitali.

Profesa Miriam Were alipita njia hiyo. Alikuwa mwalimu wa shule kwanza, akahitimu udaktari Nairobi mwaka 1973, kisha akasomea afya ya umma Johns Hopkins hadi shahada ya udaktari wa fani hiyo. Kazi yake ya kuwapa wanavijiji wenyewe jukumu la afya yao ilimpatia Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi mwaka 2008.

Dkt. Githinji Gitahi alielekea kwingine. Juu ya udaktari aliongeza uzamili wa biashara, akauza dawa, akasimamia magazeti ya Monitor kule Uganda, na mwaka 2015 akaanza kuongoza shirika la afya la Amref, ambalo makao yake yako karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, si mbali na Nyayo Highrise.

Wapo pia wanaorudi chuoni kwa sababu ajira ni haba. Mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024 ulitokana kwa sehemu kubwa na nafasi na malipo ya madaktari wanagenzi. Siwalaumu, lakini cheti kilichotafutwa ili kuua muda hakimwonyeshi mtu njia.

Daktari kijana akiniuliza asomee nini, humwambia amkumbuke yule mtoto aliyerudi. Kama kilichomkwamisha yeye daktari ni ugonjwa wenyewe, asomee ubingwa. Kama ni bomba, asomee afya ya umma. Na kama dawa alizijua ila stoo ilikuwa tupu, basi Strathmore, pale Madaraka, wanafundisha usimamizi wa huduma za afya.