Ardhi Nyekundu Iliyozishinda Mashine za Kwanza

Nyakanazi, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, inajulikana kwa barabara. Magari yanayotoka Kahama hufika hapo yakagawanyika: ya Kakonko, Kibondo na Kigoma hushika njia yao, ya Rwanda na Burundi husonga mbele kupitia Lusahunga hadi Ngara. Abiria anayeteremka kunyoosha miguu haondoki na kumbukumbu kubwa zaidi ya vumbi jekundu viatuni. Lakini vumbi hilo lingetosha kumkosesha raha mpenzi yeyote wa ditekta za metali za zamani.

Wapenzi hao wapo wengi Uingereza, Marekani na Australia. Wengine ni wazee walioanza kuzitumia enzi za miaka ya 1960 na 1970, wakati mashine ya kutafutia metali ilikuwa kiboksi chenye vifundo viwili vitatu, mpini mrefu, koili ya duara chini na spika inayopiga mluzi. Wanazitunza mpaka leo, wanazibadilishia waya na betri, na siku moja moja wanazitoa shambani. Si kwamba zinapata vitu kuliko za sasa. Hazikuwa na kioo wala namba, hivyo kazi yote ilikuwa ya sikio: mluzi ukipanda kidogo, mtu anasimama, anarudia, anaamua kama kuna shilingi au ni sauti ya bure. Ukimsikia mzee wa aina hiyo akieleza, utadhani anazungumzia ala ya muziki.

Mashine hiyo ingeletwa Nyakanazi ingekuwa balaa. Udongo mwekundu ni udongo wenye chuma, na ditekta za kwanza hazikuweza kutenganisha chuma cha ardhi na kitu kilichofukiwa. Koili ikipanda au kushuka kidogo tu, sauti inabadilika. Mtu angechimba siku nzima akifukuza udongo wenyewe.

Chuma hicho kina historia yake. Huko Buhaya, kaskazini mwa Mkoa wa Kagera, mwanaakiolojia Peter Schmidt alionyesha kwamba mafundi walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, tena katika tanuri zenye joto la kutoa chuma cha pua. Upande wa Biharamulo walikuwapo Warongo, waliofanya kazi hiyohiyo ya kuyeyusha chuma, ambao Schmidt aliandika habari zao pia. Popote tanuri zilipowaka, yalibaki mavi ya chuma, mabonge mazito meusi ambayo kwa mshika ditekta ni kero, kwa kuwa karibu kila bonge linalia.

Ditekta yenyewe ilianza kwa dharura ya matibabu. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, ambaye jina lake lilikwisha kuvuma kwa simu, akaitwa aitafute risasi mwilini kwa umeme. Hakuipata. Daktari mkuu alimruhusu kupima upande mmoja tu, nayo risasi ilikuwa upande mwingine. Inasemekana pia kwamba springi za kitanda zilivuruga sauti. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo, lakini wazo lilibaki, na halijabadilika sana tangu hapo: koili hutoa uga wa sumaku, metali ikiguswa na uga huo huzunguka umeme mdogo ndani yake, na kifaa husikia umeme huo ukijibu.

Gerhard Fischer, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefanya kazi na redio za kuongozea ndege, aliona kwamba vipimo vyake vilipotoka mahali palipokuwa na metali. Mwaka 1931 akafungua kampuni yake California na kuanza kuuza mashine za kutafutia. Kisha vita vikaharakisha mambo. Ofisa wa Poland, Józef Kosacki, akiwa ukimbizini Uskoti, alibuni kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini ambacho askari mmoja aliweza kukibeba, na vifaa kama 500 vilitumika El Alamein mwaka 1942. (Kazi hiyo leo ina mshindani kutoka nyumbani: panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO mjini Morogoro hunusa baruti na hawajishughulishi na msumari wala kopo, jambo ambalo ditekta haijawahi kuliweza.)

Vita vilipokwisha, vifaa vya jeshi viliuzwa kwa bei ya chini, raia wakavichukua. Hapo ndipo burudani ilipoanza. Vilikuwa vizito, na betri zake zilikuwa mzigo peke yake, mpaka transista zilipopunguza uzito. Ken White alianza Oregon mwaka 1950 kwa kutengeneza vipima mionzi vya watafutaji wa urani kabla ya kuhamia ditekta. Charles Garrett akafungua karakana yake Texas mwaka 1964. Uingereza serikali ilimtaka kila mwenye ditekta awe na leseni, na kwenye karatasi leseni hiyo iliitwa ya kutafutia mabomba. Iliendelea hadi 1980. Mwaka huohuo, huko Kingower, Australia, Kevin Hillier alisikia mlio wa Garrett yake nyuma ya trela alilokuwa akiishi, akachimbua bonge la dhahabu la kilo 27. White's, kampuni ya Ken White, ilifunga milango mwaka 2020.

Australia ndiyo iliyomaliza ugomvi na udongo mwekundu, kwa sababu ardhi yake ni ndugu wa ardhi ya Kagera. Miaka ya 1970 ziliingia mashine za masafa ya chini zenye kifundo cha kunyamazisha ardhi. Zilisaidia, lakini si penye chuma kingi. Mwaka 1995 kampuni ya Minelab ya Adelaide ilitoa SD2000, iliyotuma umeme kwa mapigo mafupi, ikanyamaza, kisha ikasikiliza. Mwangwi wa udongo ulitengwa, wa metali ukabaki.

Kwa hiyo Afrika iliruka enzi ile ya mluzi. Ditekta zilipofika kwa wingi kwenye machimbo ya dhahabu, Sudan ikiwa soko kubwa, zilifika kama vyombo vya kutafutia ugali, wala hazikuwa mchezo wa Jumapili. Zikafuatwa na bandia. Mwaka 2015 Codan, mmiliki wa Minelab, ilieleza kwamba michoro yake iliibwa na wadukuzi kupitia kompyuta ya mfanyakazi aliyetumia intaneti ya hoteli nchini China, na nakala zikamwagwa Afrika hadi ikalazimika kushusha bei.

Biharamulo ina dhahabu ya kutosha kuelewa mambo hayo. Mgodi wa Tulawaka ulizalisha kuanzia 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika la madini la taifa, STAMICO, leo ukiitwa STAMIGOLD. Ngara nayo ina nikeli ya Kabanga. Na pembeni ya madini halisi kuna uvumi usiozeeka wa mali ya Mjerumani iliyofukiwa karibu na maboma. Wabelgiji waliingia Biharamulo Juni 1916, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, na huko Tabora mwaka huohuo zilitengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya Sekenke. Idadi yake ni 16,198. Hizo zipo kwa wakusanyaji na kwenye minada. Sanduku la chini ya boma halina hata karatasi ya kulishuhudia. Anayetaka kuchimba masalia ya kale anahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na anayetafuta dhahabu anahitaji leseni ya madini.

Mshika ditekta wa Nyakanazi ana usumbufu mwingine ambao wazee wa Texas hawakuufikiria: njia kuu za umeme za Geita na Rusumo hukutana hapo kwenye kituo cha kupozea, na waya za msongo mkubwa huifanya mashine ibwabwaje. Inabidi asogee mbali nazo au abadili mipangilio.

Akishasogea, sikio linarudi kazini. Punje ndogo ya dhahabu na kipande cha foili ya sigara hutoa jibu linalofanana, hata kwenye mashine ya mamilioni ya shilingi. Wengi walioziamuru ditekta zao zikatae takataka waliacha dhahabu ardhini bila kujua. Kwenye rashi, yaani machimbo mapya yanayokimbiliwa na wachimbaji, hakuna anayethubutu kupuuza mlio: kizibo cha soda, msumari, kipande cha bati, bonge la mavi ya chuma, vyote huchimbuliwa.